TUANZE NA MSTARI, TUSIANZE NA KUNAKILI

Na mwanafunzi wa kidato cha tatu, shule ya kutwa, Saboti

Mwaka huu mhariri amenitengea kurasa chache nitoe maoni, na maoni yangu ni haya: sisi vijana tunaojifunza kuchora kwa kompyuta tunaanzishwa vibaya. Tunapewa kuvuna kabla ya kupanda. Na hapa kwetu Trans Nzoia hata mtoto wa chekechea atakwambia kwamba shamba la namna hiyo halipo.

Nianze na aibu yetu wenyewe, maana mficha uchi hazai. Mwaka jana Chama cha Kiswahili kilialikwa kwenye kongamano katika shule jirani. Tukaamua twende na bango, nasi tuonekane watu. Tulichanga shilingi hamsini hamsini. Nembo ya shule hatukuwa nayo isipokuwa picha moja ya simu, tena picha iliyokwisha kupita kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Tukaipeleka mjini Kitale, ikachapwa kwenye bango la mita mbili. Siku ya siku bango likafunuliwa mbele ya wageni. Lo! Kitabu kilichomo katikati ya nembo kilikuwa kama mkate uliolowa chai. Mwenge ulio juu yake ulikuwa kiazi kilichoungua. Maandishi ya wito wetu hayakusomeka. Nyuma yangu nikasikia msichana wa shule nyingine akiuliza, "Hawa ni wa shule ya mapishi ama?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika bango upande wa kulia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni hiyo tulimlaumu mwenye duka. Siku hizi najua kwamba hakuwa na kosa. Picha ya simu ni vitone. Nembo yetu ilikuwa na vitone kama 150 hivi kwa upana. Ukivinyoosha vitone 150 vienee mita moja nzima, kila kitone kinapata upana wa karibu milimita 7, yaani sawa na punje ya mahindi. Sasa jaribu kuandika wito wa shule kwa punje za mahindi, uone kama utasomeka.

Mchoro wa vekta ni kitu kingine kabisa. Wenyewe hauhifadhi vitone, unahifadhi maagizo: anzia hapa, piga mstari mpaka pale, pinda hivi, paka rangi nyekundu. Ukiukuza uwe mkubwa kama ukuta wa bohari la nafaka, kompyuta huyasoma maagizo yale yale upya na kuchora upya, na ukingo unabaki safi kama uliokatwa kwa wembe. Ndiyo maana nembo, ramani, herufi za kuchapa na vibao vya barabarani huchorwa kwa vekta. Neno lenyewe si geni kwetu. Ni vekta ile ile tunayokutana nayo katika Hisabati kidato cha pili, tukailaani, kisha tukakutana nayo tena kidato cha tatu.

Baada ya aibu ya bango niliapa kwamba nitajifunza jambo hili. Mama aliuza majogoo wawili na debe la maharagwe, nikajiandikisha kwa mafunzo ya wiki tatu mjini wakati wa likizo. Mahali penyewe sitapataja. Mwalimu alikuwa kijana mpole na sina kinyongo naye. Siku ya kwanza alitufungulia programu iitwayo Inkscape, akatuonyesha mshale wa kuchagulia, mraba, duara na kalamu. Nilifurahi mno. Siku ya pili alisema, "Hizo zingine mtajua mbele ya safari. Sasa fungueni intaneti, kila mtu atafute kadi ya harusi anayoipenda, abadilishe majina." Tukafanya hivyo. Siku ya tatu ikawa kadi ya kuzaliwa. Siku ya nne kalenda. Wiki ya pili ratiba za mazishi. Kila siku tulitafuta kilichochorwa na mtu mwingine, tukafuta jina lake, tukaweka letu. Mwisho wa wiki ya tatu nilirudi Saboti nikiwa na cheti chenye ukingo wa dhahabu. Cheti chenyewe, jamani, nacho kilikuwa kimenakiliwa hivyo hivyo.

Habari zikaenea kijijini kwamba binti fulani anajua kuchora kwa kompyuta. Haikupita mwezi, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa mtaani kwetu akanijia. Walitaka fulana zenye nembo yao: chungu, na juu ya chungu hindi. Akaniachia shilingi 500 za kuanzia. Nilienda saiba mjini, nikatafuta saa mbili nzima. Vyungu vya kwenye intaneti vilikuwa vya maua. Mahindi yalikuwepo, lakini yamemenywa nusu na kuegemezwa kwenye katuni ya kuku anayecheka. Mwisho nikapata suke moja zuri la rangi ya dhahabu, nikalibandika juu ya chungu, nikachapisha karatasi moja, nikampelekea.

Mama Mwenyekiti aliishika ile karatasi mbali na macho, kisha karibu.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Ni hindi, mama."

"Hii ni ngano. Nimepanda mahindi miaka thelathini, nisijue hindi? Na hiki chungu ni cha maua. Chungu chetu kina tumbo na shingo fupi. Haya, kibadilishe tu kidogo. Si unajua kuchora?"

Swali hilo la mwisho lilinichoma kuliko kicheko cha kule kwenye kongamano. Nilirudi mjini nikajaribu kulipa lile chungu la kubandika tumbo. Nilivuta hapa, likapasuka pale. Nikaligusa shingo, mdomo ukatoweka. Nilikuwa na cheti lakini sikuwa na ujuzi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na mhariri akilifuta neno hilo atakuwa amewaonea wahenga. Ilibidi nirudishe zile shilingi 500, na 200 nilikuwa nimekwisha kuzitumia kwa nauli na saiba. Nikaenda kukopa kwa mjomba.

Huyu mjomba, ndugu yake mama, ambaye nyumbani tunamwita khocha, ni mwandishi wa vibao. Ukuta wa posho mill, mlango wa kinyozi, duka la dawa za mifugo, kote huko kuna mkono wake. Zamani hakupumzika. Siku hizi mabango ya plastiki yameingia, na mtu anayefungua hoteli anataka bango la siku moja. Nilipomweleza shida yangu hakunipa pesa mara moja. Alichukua kipande cha chaki akachora hindi sakafuni. Mistari sita tu! Miwili ya ubavuni, mitatu ya majani yanayofunguka, mmoja wa ndevu zake. Halafu akapiga miraba midogo ndani iwe punje.

"Mwipwa," akasema, "ulitafuta hindi kwenye kompyuta ilhali tumezungukwa na mahindi?"

Nikamuuliza yeye hufanyaje mchoro mdogo uwe mkubwa ukutani bila kuharibika. Akanionyesha daftari lake. Mchoro mdogo ameugawa kwa miraba. Ukutani anapiga miraba ile ile kwa kamba na chaki, ila mikubwa. Kisha anatazama: katika mraba huu mstari unaingilia wapi, unatokea wapi, unapinda vipi? Anauhamisha mstari, hahamishi doa la rangi. Nilisimama nikaduwaa. Khocha amekuwa akichora vekta miaka yote hiyo, na hakuna aliyempa cheti.

Hapo ndipo maoni yangu yalipozaliwa, msomaji. Mafunzo ya mwanzo ya kuchora kwa kompyuta yafaa yaanze na mstari: wa penseli kwanza, kisha wa kompyuta. Kunakili kadi za watu kungojee. Nina sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba mstari ndio msingi wa programu hizi zote. Tusome historia kidogo. Mwaka 1963 Mmarekani Ivan Sutherland, alipokuwa mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha MIT, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora mistari kwenye kioo cha mashine kwa kalamu ya mwanga. Huko Ufaransa watengenezaji wa magari walikuwa na shida yao. Boneti ya gari imepinda. Utaiambiaje mashine ipinde vile vile kila mara? Paul de Casteljau wa kampuni ya Citroën alilitatua jambo hilo kuanzia mwaka 1959, lakini kampuni yake ikaifanya kazi hiyo siri. Pierre Bézier wa kampuni ya Renault akalitatua kwa njia yake katika miaka ya 1960, akalitangaza, na mpindo ukaitwa kwa jina lake hadi leo. Mgala muue na haki yake mpe: wote wawili walistahili sifa. Kisha zikaja programu za watu wa kawaida, Adobe Illustrator mwaka 1987 na CorelDRAW kutoka Kanada mwaka 1989. Inkscape ilizaliwa mwaka 2003 baadhi ya watengenezaji wa programu nyingine iliyoitwa Sodipodi walipojitenga, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2020. Katika programu hizi zote, kalamu ya kuchorea mpindo ni ile ya Bézier. Ukiijua katika moja, umeijua katika zote. Ukijua kubadilisha majina kwenye kadi, basi umejua kadi hiyo.

Wala si uchawi. Chukua karatasi uweke nukta nne, A, B, C na D. Unganisha A na B, B na C, C na D. Tafuta katikati ya kila mstari, utapata nukta tatu. Ziunganishe upate mistari miwili. Tafuta katikati ya kila mmoja, upate nukta mbili. Ziunganishe, na katikati ya mstari huo wa mwisho weka alama. Alama hiyo imo ndani ya mpindo. Ukigawa kila mstari kwa uwiano wa 1:3 badala ya katikati, utapata nukta nyingine ya mpindo ule ule. Ukirudia kwa uwiano mbalimbali, mpindo wote utajitokeza kutoka A mpaka D. Ndivyo alivyofanya de Casteljau. Je, kugawa mstari kwa uwiano si ile mada ya vekta ya kidato cha tatu? Kumbe tulikuwa tunafundishwa kuchora na hatukuambiwa! Nilipomwonyesha mwalimu wetu wa Hisabati alicheka, akanipa chaki nilirudie ubaoni darasa zima lione. Hata wale wa viti vya nyuma, ambao vekta kwao ni usingizi, waliinua vichwa.

Sababu ya pili ni kwamba aliyeanza kwa kunakili huishia kuona dunia ya wengine tu. Vilivyotayarishwa kwenye intaneti vimechorwa na watu wa kwao, kwa ajili ya kwao. Hakuna ubaya. Lakini chungu cha Saboti nani atakichora? Mlima Elgon unavyoonekana kutoka kwetu asubuhi, mrefu na uliolala kama ng'ombe aliyepumzika, ni nani atauchora? Mwacha asili ni mtumwa. Tena sisi Waafrika Mashariki tunayo mifano ya kutosha ya mchoro unaofaa vekta. Tazama kanga: ina pindo, ina mji, ina jina, na ua moja hurudiwa kwa mpangilio mpaka nguo ijae. Mtazame Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kupakia baiskeli, akiwapaka wanyama wake rangi safi zenye kingo zinazoonekana vizuri. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini mtindo huo una jina lake mpaka leo. Mtazame Juha Kalulu wa Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo miaka na mikaka kwa mistari michache ya wino mweusi. Hao wote walianza na mstari.

Sababu ya tatu ni ya uaminifu. Ukichukua kadi aliyoichora mtu, ukafuta jina lake na kuiuza, umekula jasho la mwenzako. Darasani tukinakili insha ya mtu tunapewa sufuri na barua ya kumwita mzazi. Kwenye kompyuta tunapewa cheti! Vivyo hivyo zile programu za kulipia zinazopitishwa kwenye flashi bila leseni. Inkscape ni bure kisheria, kwa Windows na kwa Linux, na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji bando ya intaneti kuchora. Basi kuna haja gani ya kuiba?

Najua kuna watakaonipinga, nami nawaheshimu. Wapo wanaosema, "Wewe unaongea tu, kijana anataka pesa ya haraka. Ratiba ya mazishi inahitajika kesho, utaanza kumfundisha mistari?" Hoja hii ina uzito. Pesa ni muhimu, na mimi mwenyewe natoka nyumba ambayo karo huja kwa vipande. Lakini nimesimulia yaliyonipata. Pesa ya haraka ilikuja kwa haraka na kuondoka kwa haraka, ikaniachia deni la shilingi 200. Mteja wa kwanza atakubali kadi ya kunakili. Wa pili atasema, "Kibadilishe kidogo tu." Hapo ndipo utajulikana.

Wengine watasema siku hizi kuna akili bandia, unaiagiza picha kwa maneno nayo inakuletea, kwa hiyo kujifunza kuchora ni kupoteza wakati. Nimeijaribu kwenye simu ya kaka yangu. Nilitaka ngao ya bendera yetu na mikuki yake miwili. Ikaniletea ngao nzuri inayong'aa, mikuki mitatu. Nikaomba iondoe mmoja, ikaniletea ngao nyingine kabisa. Sisemi haitaboreka. Nasema mtu asiyejua mistari hawezi kuirekebisha, anabaki kuomba tena na tena kama mtu anayetikisa mwembe wa jirani. Tena picha yenyewe niliyoletewa ilikuwa ya vitone, na vitone nimekwisha kuwaeleza habari zake.

Wengine watauliza, kompyuta ziko wapi? Hapa nakubaliana nao kabisa. Chumba cha kompyuta cha shule yetu hufunguliwa kwa wanaosoma somo hilo pekee. Sisi wa kutwa tukingoja jioni, giza linatukuta njiani, na wazazi wa wasichana hawatakubali, wala sitawalaumu. Ombi langu kwa wakuu wetu ni dogo: tupewe saa moja ya mchana siku ya Ijumaa, na Jumamosi asubuhi saa mbili. Inkscape iwekwe kwenye kompyuta tano tu. Tutakaa watatu watatu, na tutafagia chumba wenyewe.

Kwa anayetaka kuanza, huu hapa mpango ambao nimeujaribu mwenyewe tangu Septemba, kwa muda wa kuazima hapa na pale.

Wiki ya kwanza usiguse kompyuta. Chora kwa penseli vitu vitano vya nyumbani, kila kimoja kwa mistari isiyozidi kumi. Mimi nilichora jembe, kuku, chungu, hindi na kandambili.

Wiki ya pili chora bendera ya Kenya. Bonyeza herufi R upate chombo cha mstatili. Bendera ina uwiano wa 2 kwa 3, na milia yake ni 6:1:6:1:6. Kwa hiyo ukichukua upana wa 300 na kimo cha 200, mweusi utakuwa 60, mweupe 10, mwekundu 60, mweupe 10 na wa kijani 60. Jumlisha uone. Ngao ichore nusu tu kwa kalamu, ambayo ni herufi B. Ishike, bonyeza Ctrl na D upate nakala, kisha H igeuke kama kwenye kioo. Ziunganishe pande mbili. Ngao yako italingana kuliko ambavyo mkono wa binadamu ungeweza.

Wiki ya tatu jifunze vifundo, herufi N. Chukua duara, ligeuze liwe njia, kisha vuta kifundo cha chini. Ndiyo hapo duara linapopata tumbo, na mimi nikapata chungu changu. Kila kifundo kina mikono miwili inayoelekeza mpindo. Mikono hiyo ni tanjenti, ndugu zangu wa Hisabati. Siri ni kutumia vifundo vichache. Nilipoanza, chungu changu kilikuwa na vifundo 31 na kilionekana kama kimeanguka. Sasa kina 8.

Wiki ya nne chora pindo la kanga kwa ua moja ulilolibuni, ulirudie. Ndani yake andika jina lako mwenyewe la kanga. Usininakilie langu!

Jambo la mwisho ni letu sisi wa Chama. Siku moja nilifungua mchoro wangu kwa programu ya kuandikia maneno, ile ya kawaida kabisa. Sikuona picha, niliona maandishi. Faili ya SVG, ambayo ni kanuni iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2001, imeandikwa kwa maneno: hapa pana duara, kitovu chake kiko hapa, nusu kipenyo ni hivi, rangi ni ff0000, yaani nyekundu. Nilibadilisha tarakimu moja kwa kibodi, nikahifadhi, nikafungua tena, na duara likawa limekua. Ama kweli mchoro ni insha! Lakini insha hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na mafunzo yake nayo ni kwa Kiingereza. Mama Mwenyekiti hakukosa akili ya kuchora nembo yake, alikosa maneno ya kumwelekeza mtu. Basi tumpe maneno. Mimi napendekeza nodi iwe kifundo, mstari unaounganisha vifundo uwe njia, kuwe na ukingo na rangi ya ndani, kuwe na matabaka, na vitu vikifungwa pamoja viitwe mzigo. Aliye na maneno bora ayalete Chamani tuyajadili. Lugha isiyo na neno la kazi haitaingia kazini.

Na khocha je? Jumamosi moja nilimpeleka saiba tukalipa nusu saa. Alikishika kipanya kama mtu aliyeshika yai. Alikosea mara nyingi, akalaani kwa Kibukusu, watu wakageuka. Kisha nikamwonyesha mikono ya kifundo. Akavuta mmoja polepole, mpindo ukajaa, akanyamaza kidogo, akasema, "Hii ni kamba na msumari tu." Akaandika herufi S ambayo mpaka leo sijaona nzuri kama hiyo kwenye bango lolote la mjini. Kompyuta, aliniambia tukirudi, haikumshinda mkono, ilimshinda bei. Naamini watu kama yeye wakialikwa shuleni watufundishe mstari, nasi tuwafundishe kipanya, hakuna atakayepoteza.

Nembo ya akina mama ilikamilika mwezi Novemba. Chungu kina tumbo, hindi lina ndevu. Mama Mwenyekiti aliitazama mbali, akaitazama karibu, akasema, "Hili sasa naweza kulichoma." Nililipwa shilingi 800, nikarudisha zile 200. Nembo ya shule yetu nayo nimeichora upya, mwenge na kitabu, na ndiyo unayoiona kwenye jalada la jarida hili. Tukienda kongamano tena, bango likiwa la mita mbili ama kumi, mwenge utabaki mwenge.

Shime wanafunzi wenzangu, tushike penseli. Kalamu yangu naiweka chini hapa, maana Fizikia inaningoja.